Uzi wa Dhahabu, Asidi na Gundi: Historia ya Kuyashika Meno Yasirudi Yalikotoka



Ndugu wasomaji, mada yetu ya leo huenda ikaonekana ndogo: gundi. Siyo ile ya kubandika bahasha, bali ile ambayo daktari wa meno huitumia kubandika kiwaya chembamba nyuma ya meno ya mbele ya kijana aliyemaliza kuvaa vyuma vya kunyooshea meno. Kiwaya hicho huitwa riteina. Ziko za kuvaa na kuvua, na iko hii inayobandikwa moja kwa moja kwenye meno ikabaki humo kwa miaka.

Tumeichagua mada hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, wazazi hugharamia vyuma vya meno kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, vikitolewa wanadhani kazi imekwisha, kisha wanashangaa meno ya mtoto yanaanza kupindana upya. Ya pili, historia ya jambo hili imepita ndani ya vitabu vyetu vya fiqhi na vya tiba, lakini husimuliwa kwa kutiwa chumvi. Mmoja atakwambia Waislamu ndio waliovumbua kunyoosha meno, mwingine atakwambia kila kitu kimeanzia Marekani. Hakuna kati ya kauli hizo iliyo sawa, na ukweli wenyewe ni mtamu kuliko zote mbili.

KWA NINI JINO HURUDI

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi, na nyuzi nyingine hupita ndani ya ufizi kutoka jino hadi jino. Vyuma vinapolisukuma jino, mfupa wa upande mmoja huliwa na wa upande wa pili hujengwa, na hivyo jino huhama polepole. Mfupa haukawii sana kujipanga upya. Zinazochelewa ni zile nyuzi za ufizi. Zikishavutwa hubaki zimevutika kwa miezi mingi, nazo muda wote huo zinalivuta jino lirudi, hasa jino ambalo lilikuwa limezunguka.

Tena meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyosogea, hata kwa mtu ambaye hajavaa chuma maishani mwake. Mwaka 1981 Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha matokeo ya watu 65 waliowahi kung'olewa magego madogo na kunyooshwa meno, wakapimwa angalau miaka 10 baada ya kuacha riteina. Waliobaki na meno ya mbele ya chini yaliyopangika vya kuridhisha walikuwa chini ya asilimia 30. Mwaka 1988 yakachapishwa matokeo ya baadhi yao waliopimwa miaka 20 baada ya kuacha riteina, na hapo walioridhisha walikuwa karibu asilimia 10 tu.

Takwimu hizo ziliwashtua madaktari. Wengi waliokuwa wakimwambia mgonjwa avae riteina kwa mwaka mmoja au miwili wakaanza kusema ivaliwe kwa muda wote ambao mtu anataka meno yake yabaki yalivyo. Sasa ikiwa kiwaya kitakaa mdomoni miaka 10 au 20, ndani ya mate, moto wa chai na kishindo cha kutafuna, swali linakuwa: kitashikwa na nini?

DHAHABU KABLA YA GUNDI

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili jibu lilikuwa moja: kifungwe. Mwaka 1862, katika makaburi ya kale ya Saida, Lebanon ya leo, kulipatikana kipande cha taya ambacho meno yake ya mbele yalikuwa yamefungwa pamoja kwa uzi wa dhahabu. Kipande hicho kilichukuliwa hadi jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Waetruski wa Italia nao walikuwa wakitengeneza mikanda myembamba ya dhahabu ya kuzungusha kwenye meno. Kwa hiyo uzi wa dhahabu uliutangulia Uislamu kwa karne nyingi, na hilo hatuna haja ya kulificha.

Katika Uislamu mas'ala haya yaliingia kwa njia ya pua. Swahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya al-Kulab, zama za jahiliyya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikawa inamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Tirmidhi, baada ya kuitaja, anasema kuwa imepokewa kutoka kwa wanazuoni zaidi ya mmoja kwamba walifunga meno yao kwa dhahabu, na kwamba hadithi hii ni hoja kwao. Khalifa Uthman bin Affan (R.A.) naye imepokewa katika habari za maisha yake kuwa meno yake yalifungwa kwa dhahabu.

Mafaqihi wakaja wakauliza: dhahabu imeharamishwa kwa wanaume, je, kufunga jino linalolegea ni dharura ya kuihalalisha? Imamu Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 767) alisema jino lifungwe kwa fedha, si kwa dhahabu. Hoja yake ni kuwa asili ya dhahabu ni uharamu, haihalaliki ila kwa dharura, na dharura ya jino inatoshelezwa na fedha. Ya Arfaja ilikuwa tofauti kwa kuwa fedha ilishajaribiwa ikanuka. Mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani (aliyefariki mwaka 805) akasema hapana ubaya kutumia dhahabu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, Imamu Nawawi ameandika waziwazi katika Minhaj at-Talibin kuwa pua, ncha ya kidole na jino ni vitu vilivyotolewa katika ule uharamu wa dhahabu kwa mwanamume.

Msomaji atazame kwa makini walichokuwa wakibishania. Ni mjadala wa sheria, lakini ndani yake mna swali la ufundi kabisa: je, fedha inastahimili mdomoni au haistahimili? Ukisema inastahimili, dharura imeondoka. Ukisema haistahimili, dharura ipo. Jibu la swali hilo la ufundi likaja kuandikwa na tabibu.

TABIBU WA MADINAT AZ-ZAHRA

Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi alizaliwa karibu na mwaka 936 huko Madinat az-Zahra, mji wa makhalifa uliojengwa nje kidogo ya Kurtuba (Córdoba), Andalusi, akafariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake kikubwa, at-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo alivyovitumia. Humo kuna mlango wa kufunga meno yaliyolegea kwa sababu ya kipigo au kuanguka.

Maelezo yake ni ya mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake. Anasema uzi uwe wa dhahabu au fedha, lakini dhahabu ni bora, kwa sababu fedha baada ya siku kadhaa hugeuka rangi na kuharibika, ilhali dhahabu hubaki katika hali yake. Unene wa uzi uwe wa kadiri, kulingana na nafasi iliyopo kati ya meno. Uzi hukunjwa ukawa wa mara mbili, ukapitishwa kati ya meno mawili mazima, kisha ukasukwa kati ya yale yanayolegea moja baada ya jingine hadi kwenye jino zima la upande wa pili, ukarudishwa tena ulikotoka. Kazi ifanyike kwa upole na ustadi mpaka meno yasitikisike. Fundo liwekwe karibu na shina la jino, uzi usije ukateleza ukatoka. Mwisho, ncha zilizobaki zikatwe kwa mkasi, zisokotwe pamoja na kufichwa kati ya jino zima na lile lililolegea, ili zisiuchome ulimi. Ukikatika, hufungwa mwingine.

Hiyo ndiyo riteina katika umbo lake la kale: uzi, meno mawili mazima ya kuegemea, na tahadhari ya ulimi. Lakini tuwe waadilifu. Az-Zahrawi alikuwa akishika meno yaliyolegea, hakuwa akiyahamisha meno yaliyopinda. Kwa jino lililoota mahali pasipo pake, alieleza kuling'oa, kulikata au kulisugua kwa tupa. Kumpachika cheo cha mvumbuzi wa vyuma vya kunyoosha meno ni kumvalisha kanzu ya mtu mwingine, na yeye ana kanzu zake za kutosha. Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, ikachapwa Venice mwaka 1497. Mwaka 1465 tabibu Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya, Uturuki, alikuwa tayari ameandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki, sehemu yake kubwa ikitokana na az-Zahrawi, akakitia michoro ya daktari na mgonjwa wakiwa kazini.

Lakini kwa nini afunge tu, asibandike? Kwa sababu hapakuwa na cha kubandikia. Gundi za zama zile zilikuwa za utomvu wa miti au za kuchemsha ngozi na mifupa, na ndani ya mate hazidumu. Enameli, yaani lile gamba gumu la nje la jino, kwa uzito ni karibu asilimia 96 madini, ni laini kwa juu, na muda wote lina utando wa mate. Ni miongoni mwa mahali pagumu mno kubandika kitu.

PETE NA SIMENTI

Hapa tupite haraka, maana karne kadhaa hazikuongeza kikubwa katika suala la kushika. Mfaransa Pierre Fauchard alieleza mwaka 1728 namna ya kuyasogeza meno kwa kuyafunga kwenye ubao mdogo wa chuma kwa nyuzi. Edward Angle wa Marekani (1855–1930), ambaye wengi humwita baba wa fani hii, aliyazungushia meno pete za chuma na kuzishikiza kwa simenti. Simenti ya zinki fosfeti haikuwa gundi kwa maana halisi. Ilijaza nafasi kati ya pete na jino ikakauka, na kilichoshikilia hasa ni ule mbano wa pete yenyewe.

Mtu akitaka riteina isiyovuliwa, fundi alitengeneza pete mbili za meno chonge, kulia na kushoto, akazichomelea kiungo cha waya kinachopita nyuma ya meno manne ya mbele. Ilifanya kazi, lakini ilionekana mtu akicheka, na simenti ilipooshwa na mate polepole, chakula kiliingia chini ya pete na jino likaoza pasipo mtu kuona. Mwaka 1919 Charles Hawley alieleza riteina ya kuvaa na kuvua, yenye bamba la kukaa kwenye kaakaa na waya wa mbele. Hiyo bado inatumika hadi leo. Kasoro yake haipo kwenye chombo, ipo kwa mwenye chombo: kijana huiacha kwenye kitambaa cha mezani, ikatupwa pamoja na mabaki ya chakula.

ROCHESTER, 1955

Michael Buonocore alikuwa mtafiti katika taasisi ya meno ya Eastman, Rochester, jimbo la New York. Hakuwa akishughulika na kunyoosha meno. Alitaka vijazo vya plastiki ya akriliki vishike kwenye jino, visiachie pembeni na kuruhusu kuoza. Akatazama viwanda. Huko, kabla ya kupaka chuma rangi, walikipaka asidi ya fosfori kwanza ili rangi ishike. Akajiuliza: kwa nini isiwe hivyo kwa jino?

Akapaka enameli asidi ya fosfori ya asilimia 85 kwa sekunde 30, akaosha, akakausha, kisha akaweka akriliki. Vipande vilivyowekwa kwenye jino lisilotiwa asidi vilibanduka upesi, na vile vya kwenye jino lililotiwa asidi vilidumu kwa muda mrefu zaidi mara nyingi. Makala yake fupi ilitoka mwaka 1955 katika Journal of Dental Research.

Siri ni nini? Enameli imejengwa kwa vijiti vya madini visivyoonekana kwa macho, vilivyosimama bega kwa bega. Asidi hula sehemu za vijiti hivyo kwa kiwango tofauti, na uso uliokuwa laini unakuwa na vitundu vingi vidogo mno. Plastiki ikiwa bado majimaji huingia vitunduni, ikigandia humo inakuwa kama mizizi iliyojifumbata ardhini. Hakuna uchawi wa kikemia hapo. Ni mshiko wa kukamatana tu. Ndiyo maana tone la mate au damu ya ufizi likigusa jino baada ya asidi, vitundu huziba na kazi yote imeharibika, hata kama mtu hatagundua siku ile.

Madaktari wengi hawakuipokea habari hii kwa haraka. Kumwaga asidi juu ya jino zima lisilo na ugonjwa kulionekana kama kosa la wazi, na akriliki yenyewe ilikuwa dhaifu, ikinywea inapoganda. Kilichohitajika ni plastiki bora, na hiyo ilitoka kwa Rafael Bowen. Akifanya kazi katika ofisi ya taifa ya viwango mjini Washington, alitengeneza aina mpya ya rezini iitwayo Bis-GMA na kuichanganya na unga laini wa silika uliotayarishwa ushikane nayo. Hataza yake ilitolewa mwaka 1962. Mchanganyiko wa rezini na unga huo ndio unaoitwa kompositi, na ndio baba wa gundi karibu zote zinazobandika riteina leo.

Mwaka 1965 George Newman wa New Jersey alichapisha kazi yake ya kubandika vyuma vya kunyooshea meno moja kwa moja kwenye jino kwa gundi ya epoksi, bila pete. Mwaka 1971 Fujio Miura na wenzake wa Tokyo wakaonyesha gundi yao ya akriliki yenye kichocheo cha aina mpya kwa kazi hiyohiyo. Uingereza nako, Alan Wilson na Brian Kent walitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970 simenti ya glasi ayonoma, inayoshikana na jino kikemia na kutoa floraidi kidogokidogo. Kwa riteina haikufua dafu mbele ya kompositi, kwa kuwa ni dhaifu zaidi inapotafuniwa, ingawa jamaa zake waliotiwa rezini bado wanatumika mahali ambapo kukausha jino ni kazi ngumu.

KUTOKA PETE HADI KIWAYA CHA OSLO

Mwaka 1973 Robert Knierim alieleza katika jarida la Angle Orthodontist riteina ya meno ya mbele ya chini isiyoonekana: waya uliobandikwa kwa kompositi kwenye chonge mbili tu. Pete zikaondoka. Kisha mwaka 1977 Björn Zachrisson wa Oslo, Norway, akachapisha uzoefu wake wa riteina za kubandika, na katika miaka iliyofuata akazikuza hadi zikawa mbili za kuchagua. Moja ni waya mnene, wa takribani milimita 0.8, unaobandikwa kwenye chonge pekee. Ya pili ni waya mwembamba wa takribani nusu milimita, uliosokotwa kwa nyuzi kadhaa kama kamba, unaobandikwa kwenye kila jino.

Kusokotwa huko si pambo. Kila jino hucheza kidogo ndani ya tundu lake mtu anapotafuna. Ukiyafunga meno sita kwa chuma kigumu kisichopinda, mchezo huo wote unamalizikia kwenye gundi, nayo inapasuka. Waya wa kusokota hukubali kila jino licheze kivyake. Na mifereji kati ya nyuzi zake huipa gundi mahali pa kung'ang'ania.

Gundi za mwanzo zilikuwa vikopo viwili, ukichanganya zinaanza kuganda hapohapo, na fundi anashindana na saa. Miaka ya 1970 zikaja zinazogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, kisha kwa mwanga wa buluu unaoonekana, wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 470. Sasa daktari anaweza kuupanga waya kwa utulivu, akawasha taa akiwa tayari. Katikati ya miaka ya 1990 zilitokea kompositi nyepesi za kutiririka, zinazojisawazisha zenyewe juu ya waya. Ni rahisi kwa daktari, lakini kwa kuwa zina unga mchache zaidi, husagika upesi kuliko zile nzito. Binafsi naona wepesi wa kazi umependwa zaidi ya udumifu katika jambo hili.

Hapa ndipo ule mjadala wa mafaqihi ulipopata sura mpya. Kwa gundi hii, waya wa chuma cha pua usioshika kutu unatosha, haunuki wala haugeuki rangi. Ile dharura aliyoizungumzia Abu Hanifa, ambayo yeye aliitosheleza kwa fedha, leo inatoshelezwa na kitu cha bei nafuu kisicho na khilafu yoyote. Zipo riteina za mnyororo mdogo wa dhahabu, na hutajwa kwa wenye mzio wa nikeli iliyomo katika chuma cha pua, lakini hata kwa hao kuna waya wa titani. Kuhusu kuoga janaba, kusukutua ni fardhi kwa Hanafi na ni sunna kwa Shafi. Mwanafunzi wa Kihanafi anayeulizia gundi iliyofunika sehemu ya jino amwendee mwalimu wake, na atakuta wanazuoni wa zama hizi wanakichukulia kitu kisichoweza kuondolewa bila madhara kuwa kama sehemu ya jino lenyewe.

MENO YA BONDE LA UFA

Liko jambo moja linalotuhusu watu wa ukanda huu kuliko waliovumbua gundi hizi. Katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya Arusha na Kilimanjaro nchini Tanzania na ya Nakuru nchini Kenya, maji ya ardhini yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaumbika hutokewa na meno yenye madoa meupe au ya kahawia.

Tabaka la nje la jino la namna hiyo huwa sugu kwa asidi, huku ndani yake enameli ikiwa na vinyweleo. Maana yake ni kuwa zile sekunde 30 zinazotosha kwa jino la kawaida huenda zisichimbe vitundu vya kutosha, na gundi ikabanduka mapema, hasa pale ambapo madoa ni makali. Baadhi ya madaktari huongeza muda wa asidi au kwanza huusugua kidogo uso wa jino. Kwa hiyo mzazi anayehama na mtoto wake kwenda kutibiwa Nairobi, Kampala au ng'ambo aseme mtoto amekulia wapi na amekunywa maji gani. Daktari aliyesomea mahali pengine huenda asiulize.

GUNDI INAPOACHIA

Riteina hushindwa kwa njia tatu. Gundi hubanduka kwenye jino, na sababu kubwa ni unyevu siku ya kubandika. Au gundi ya juu ya waya husagika mpaka waya unachomoka. Au waya wenyewe unakatika. Nyingi huachia katika miezi ya mwanzo. Hatari ni kuwa bonge moja likibanduka katikati, waya bado umeshikwa kulia na kushoto, hauchomi wala hauumi, na jino moja linaanza safari yake kimyakimya. Muulize kijana apapase kwa ulimi: bonge lililoachia hutikisika, au waya hupwaya ukisukumwa kwa ukucha. Akienda katika wiki ileile, daktari huondoa gundi ya zamani, hupaka asidi, hubandika tena, na kazi imekwisha kwa kikao kimoja. Akikaa mwaka, huenda akahitaji kuvaa vyuma upya.

Mwaka 2007 Christos Katsaros na wenzake walieleza jambo la ajabu zaidi: riteina ambazo hazikuwa zimebanduka hata kidogo, lakini meno yamehama. Inadhaniwa kuwa waya wa kusokota ukipinda au ukijifungua msokoto kidogo, unageuka kuwa chemchemi inayoyasukuma meno yaleyale uliowekwa kuyashika. Ndiyo maana wagonjwa wanaambiwa warudi kukaguliwa hata kama hawaoni kasoro. Na kwa kuwa ukoga hujikusanya kuzunguka waya, hasa kwenye meno ya mbele ya chini yaliyo karibu na mifereji ya mate, mswaki wa kawaida hautoshi. Uzi wa kusafishia meno upitishwe chini ya waya.

Karibu na mwaka 2012 zilianza kutumika riteina zinazochorwa kwa kompyuta na kukatwa kutoka bamba la nikeli na titani kwa kipimo cha meno ya mtu husika, zikiwa nyembamba kuliko za kusokota. Zinakaa vizuri sana kwenye jino, na bei yake pia imepanda. Lakini zinaposhikizwa, daktari bado hupaka asidi ya fosfori kwa sekunde 15 hadi 30, anaosha, anakausha na kubandika, ila asidi yenyewe sasa ni ya asilimia 37 hivi, badala ya ile 85 ya mwaka 1955.